Bakuli la bluu na bakuli jekundu, nyuma ya soko la Virunga

Mimi ni fundi cherehani hapa Goma. Nyumbani kwangu ni Ndosho, mbali na kazi, kwa hiyo kila siku saa saba mchana nakula nje. Restora ninayotaka kuwaambia haina jina mlangoni. Fika nyuma ya soko la Virunga, uliza mama wa sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa Kivu, utaonyeshwa.

Kabla ya Januari 2025, M23 walipouteka mji, alikuwa na mabenchi mawili na jiko moja. Sasa ana mabenchi sita, majiko matatu, na kijana anayepeleka chakula kwenye karakana. Amekua wakati benki za mji zilifunga milango, uwanja wa ndege ukafungwa, na noti zilizobaki mikononi zimechakaa hadi muuzaji anazigeuzageuza kabla ya kupokea. Restora nyingi nilizozijua hazipo tena. Ndiyo maana nimekuwa nikimtazama mama huyu kwa makini.

Kuna mahali nilikuwa nakula kila siku zamani. Bei haikupanda, lakini bugali ilipungua kidogo kidogo, kimya kimya, mpaka sambaza nikawa nazihesabu. Iliniuma, nikaacha kwenda. Mama huyu alifanya kinyume. Aliweka mabakuli mawili ya plastiki mezani, mbele ya wateja: la bluu ni franka 4,000, jekundu ni 2,000. Anajaza bugali, anaikandamiza kwa mwiko, anaipindua kwenye sahani huku unaona. Mboga pia inapimwa mbele yako. Wanafunzi wangu wawili wa ushonaji, waliokuwa wanashinda na andazi moja, sasa wanakula bakuli jekundu na kurudi kazini wameshiba kiasi. Watu kama hao ndio wamejaza mabenchi yale manne mapya.

Sambaza anazifuata mwenyewe Kituku, soko la ufukweni mwa ziwa, alfajiri, mitumbwi inaporudi. Wavuvi wa Kivu wanavua usiku kwa taa, samaki wanafuata mwanga. Mwezi ukiwa mkubwa taa haina nguvu, samaki wanakuwa wachache na bei inapanda. Siku hizo hanunui. Anapika maharage na sombe (majani ya muhogo), na ukiingia tu anakwambia, «Papa fundi, leo mwezi ni mkubwa, kula maharage.» Hajawahi kuniuzia sambaza za jana. Zake zinakaangwa mpaka zinavunjika mdomoni, unakula na kichwa, pamoja na pilipili na kipande cha ndimu.

Jambo lingine ni malipo. Pesa taslimu ni shida, na ukitoa pesa kwenye simu wakala anakata chake. Sehemu nyingi wanamwongezea mteja gharama hiyo. Yeye anapokea kwa simu bei ile ile, kwa sababu muuzaji wake wa unga na yule wa makala (mkaa) nao wamekubali kulipwa kwa simu. Pesa inazunguka bila kutolewa. Ilimchukua wiki nyingi kuwabembeleza, aliniambia, na muuzaji wa makala ndiye aliyekuwa mgumu kuliko wote. Deni anatoa pia, lakini kwa anayemjua, mwisho sahani tano, na Jumamosi daftari linafungwa. Mwezi wa nne, wateja wangu walipochelewa kunilipa, daftari hilo lilinibeba. Sitalisahau.

Yanayohitaji kurekebishwa yapo. Moshi wa makala unajaa ndani mvua ikinyesha, kwa sababu dirisha ni moja. Maji ya kunawa ni kandoo moja kwa watu wote, na sabuni inaisha kabla ya saa nane. Katika mji unaoijua kipindupindu kama wetu, hilo nimemwambia uso kwa uso. Ameahidi kandoo ya pili yenye bomba. Na ukifika saa saba na nusu utasimama.

Kijana wa kupeleka chakula ni mwepesi. Juzi nilipiga simu nikiwa na sare za harusi mezani, na bugali ilifika bado inatoa moshi, bakuli jekundu mbili na la bluu moja, sombe kwenye kopo lenye kifuniko, bila kumwagika.

Wiki hii mwezi bado mwembamba. Sambaza zipo.