Miche na mbegu za msimu wa joto: cha kununua kwanza na cha kuacha kitaluni

Majira ya kuchipua yakielekea ukingoni, watu hununua miche kwa macho. Mrefu wenye maua, au wenye tunda moja linalong'inia, huchukuliwa kwanza; mfupi mnene usio na ua hubaki kwenye trei. Ingefaa iwe kinyume. Mche unaochanua ndani ya kikopo kidogo mara nyingi ni mche ambao mizizi yake imebanwa. Ukiuhamishia bustanini unabebeshwa kazi mbili, kulisha tunda na kuotesha mizizi mipya, na jua linapokolea unanyauka kila mchana hata ukiumwagilia.

Mpangilio ufuatao unauliza mambo mawili tu: mmea utalipokeaje joto linalokuja, na je, kuna sababu ya kulipia mche wakati pakiti ya mbegu ingetosha?

1. Biringanya na pilipili kali: nunua miche

Hapa mche unalipa kuliko popote. Mbegu za mimea hii huchelewa kuota, zinapenda udongo wenye nyuzijoto 25 hadi 30, na tangu kusia hadi kupandikiza huchukua wiki 8 hadi 10. Asiyesia mapema amechelewa. Usipandikize kabla udongo haujafika nyuzijoto 18, kwa sababu usiku wa baridi hudumaza mche, na huweza kupoteza wiki kadhaa kabla ya kuanza kukua tena. Acha sentimita 45 hadi 60 kati ya mche na mche. Kwenye chombo, pilipili inataka lita 10 za udongo na biringanya lita 15 au zaidi.

Pilipili ndogo kali hustahimili joto kuliko hoho. Hoho hupukutisha maua joto likipita nyuzijoto 32 hivi, kisha mwenye bustani analaumu mbolea.

2. Bamia: nunua mbegu

Ni mmea wa jua kali kwelikweli. Ungekuwa wa kwanza kama vitalu visingekuwa vinauza miche yake. Bamia ina mzizi mkuu unaozama chini na haupendi kuguswa. Mche uliokaa kwenye trei mara nyingi hupitwa na mbegu iliyopandwa siku hiyohiyo. Loweka mbegu saa 12 hadi 24, panda kina cha sentimita 2, nafasi sentimita 30 hadi 45. Utavuna baada ya siku 50 hadi 60. Chuma kila baada ya siku moja au mbili, bamia zikiwa na urefu wa sentimita 7 hadi 10; zikipita hapo zinakuwa kamba, na mmea ukishakomaza mbegu unapunguza kuzaa.

3. Kunde na mchicha: mbegu

Hakuna sababu ya kununua miche. Mchicha huchumwa wiki 3 hadi 5 baada ya kusia. Kunde huvumilia ukame na mizizi yake hushirikiana na bakteria kunasa naitrojeni ya hewani, kwa hiyo usiipe mbolea nyingi ya naitrojeni. Ukiipa, utapata majani tele na maganda machache.

4. Nyanya: miche, na uanze na zile ndogo

Wengi wangeiweka ya kwanza. Imeshuka kwa sababu ya joto lenyewe: mchana ukipita nyuzijoto 32 hadi 35, au usiku ukibaki juu ya 24, chavua hudhoofika na maua hudondoka bila kufunga tunda. Nyanya ndogo za vichala hufunga vizuri zaidi katika hali hiyo kuliko zile kubwa za kukata vipande.

Soma lebo kabla ya kulipa. F1 maana yake ni chotara: huzaa vizuri, lakini mbegu utakazozihifadhi hazitatoa mmea uleule. Herufi zinazofuata jina huonyesha ukinzani: V ni mnyauko wa Verticillium na F mnyauko fusari, yote miwili ikiletwa na kuvu wa udongoni; N ni minyoo fundo, minyoo midogo inayofanya mizizi ivimbe vinundu. Kama nyanya za mwaka jana zilinyauka na mizizi ilikuwa na vinundu, N si pambo. Angalia pia kama aina ni fupi au inayotambaa. Fupi hufaa chombo cha lita 20 na huivisha matunda mengi kwa pamoja. Inayotambaa inahitaji mti wa kuegemea tangu siku ya kwanza, maana kuuchomeka baadaye kunakata mizizi.

Zika shina hadi karibu na majani ya juu baada ya kuondoa ya chini. Sehemu iliyozikwa itatoa mizizi. Kitako cha tunda kikiwa cheusi na kimebonyea, kabla ya kukimbilia kununua chokaa, tazama umwagiliaji. Mara nyingi kalsiamu imo udongoni, ila haifiki kwenye tunda kwa sababu maji huja leo na kukauka kwa siku nne.

5. Matango na maboga: mbegu

Udongo ukiwa na joto huota ndani ya siku 3 hadi 7, na mizizi yake haipendi kuhamishwa. Maua ya kwanza huwa ya kiume, kwa hiyo yakidondoka usihangaike. Tatizo la kweli ni ubwiri unga, ule weupe unaofunika majani. Chagua aina yenye ukinzani na usibananishe mashina.

Za mwisho: saladi na kotimiri

Huvutia sana kitaluni, kisha joto likizidi hurefuka, hutoa maua na kuwa chungu. Ukizitaka sana, ziweke kivulini mchana na ukubali mavuno mafupi.

Kabla ya kulipa

Geuza majani. Inzi weupe, vidukari na utando mwembamba wa utitiri hujificha upande wa chini, na mche mmoja unatosha kuambukiza bustani nzima. Kisha omba kuutoa mche kwenye chombo: mizizi iwe myeupe na ishikilie udongo, ikizunguka kama kamba au ikinuka uozo, rudisha.

Miche iliyolelewa kivulini haiendi juani moja kwa moja, majani yataungua na kuwa meupe. Anza na saa moja au mbili za jua la asubuhi, uongeze taratibu kwa siku 7 hadi 10. Pandikiza jioni, mwagilia hadi chini, kisha tandaza nyasi kavu unene wa sentimita 5 hadi 8, ukiacha nafasi ya vidole viwili kuzunguka shina ili lisioze.