PS4 ya mtumba baada ya miezi kumi sebuleni kwetu

Mwezi huu inatimiza miezi kumi tangu niibebe kutoka Kariakoo, nimeipakata kwenye daladala hadi Tabata. PS4 Slim, mashine ya gemu ya PlayStation ya umbo jembamba, mtumba wa Ulaya, shilingi 480,000 na padi moja ya kuchezea. Tangu siku hiyo majirani na watu wa kazini wananiuliza swali lile lile: ninunue hiyo, au nivumilie mpaka nipate hela ya PS5? Nawaambia wanunue, ila kwanza wakae chini niwaeleze habari ya umeme, joto na bando, kwa sababu karibu kila usumbufu nilioupata umetoka huko.

Sababu ya kununua ilikuwa wadogo zangu wawili ninaoishi nao. Walikuwa wanashinda kwenye banda la gemu njia ya kwenda sokoni. Mechi moja mia tatu, anayefungwa anampisha mwenzake, na mwenye hasira ya kufungwa anatoa mia tatu nyingine. Siwasemi vibaya wenye mabanda. Mimi mwenyewe mpira wa kwenye skrini nimejifunzia humo, kwenye PS2 iliyofungiwa ndani ya sanduku la mbao ili watoto wasiichokonoe. Lakini inafika saa mbili usiku dogo hajarudi, mama anapiga simu kutoka Morogoro anataka kumsikia, na wa kujibu ni mimi. Nikaona bora wachezee nyumbani.

PS5 mpya nilitajiwa bei ya zaidi ya mara tatu ya hii. PS4 ilitoka 2013, Slim ikafuata 2016, na PS5 ipo sokoni tangu 2020, kwa hiyo nilikuwa na wasiwasi wa kununua kitu kilichopitwa. Kilichonipa moyo ni kwamba gemu ya mpira ya FC 26, ya mwaka 2025, imetolewa kwa PS4 pia. Kwetu sisi gemu ni mpira, mengine ni ya kupitisha muda. Hilo lilinitosha.

Dukani muuzaji alinitolea mbili. Moja ilikuwa "imefunguliwa", yaani imevunjwa ulinzi wake ili icheze gemu zisizolipiwa, gemu ishirini na mbili ziko ndani tayari. "Bosi wangu, chukua hii, CD hununui tena maisha." Ya pili ilikuwa ya kawaida, tupu. Nilichukua ya pili, na nawashauri wengine wafanye hivyo. Ufunguzi wa PS4 haudumu: mashine ikizimwa kabisa, au umeme ukikatika, inarudi kama ilivyozaliwa, na lazima uifungue upya ndipo gemu zile ziwake. Sasa piga hesabu ya umeme wa mtaani kwako. Halafu ufunguzi wenyewe unategemea toleo la zamani la programu, kwa hiyo huwezi kupandisha apdeti unavyotaka, na ukiiingiza mtandaoni kucheza na watu unaweza kufungiwa. Mbali na hayo, sikutaka wadogo zangu wazoee kwamba kazi ya mtu ni ya kuchukua bure.

Nilikaa na ile mashine dukani dakika arobaini nzima, na ninafurahi nilifanya hivyo. Niliweka CD, nikacheza, nikasikiliza feni. Nikaitoa CD na kuirudisha mara tatu. Nikaizima, nikachomoa waya wa umeme, nikasubiri dakika kumi, nikawasha tena na kuangalia tarehe. Hili wengi hawalijui: ndani kuna betri ya kidonge, CR2032, ile ile ya kwenye kompyuta, na kwenye mashine ya miaka mingi huwa imekufa, ikifa, saa inapotea kila ukichomoa waya. Mwisho nikawasha hotspoti ya simu yangu na kuingia kwenye akaunti, maana mashine iliyofungiwa mtandaoni itakukatalia hapo hapo, ukiwa bado na hela yako mfukoni. Kibandiko cha namba ya modeli kilisomeka CUH-2216A. Hiyo A ya mwisho ni GB 500. Ingekuwa B, ni TB 1. Ukiambiwa ni TB 1 na kibandiko kina A, basi aidha diski imebadilishwa au unadanganywa, na jibu unalipata kwenye mipangilio.

Waya wake wa umeme una kichwa cha namba nane, kama wa redio ya mezani, na plagi ya Ulaya ya miguu miwili. Nilinunua wa miguu mitatu kwa elfu tatu, nikaondoka.

Sasa joto. Ilikuwa Desemba, na Desemba ya Dar mnaijua. Niliiweka ndani ya shokesi, kwenye chumba cha chini ya TV, ikakaa vizuri kama imepimwa. Nusu saa baadaye feni ilikuwa inalia kama mashine ya kukaushia nywele, kisha ukatokea ujumbe kwamba mashine ina joto kali. Nikaitoa na kuiweka juu ya stuli, nafasi ya kiganja kila upande. Ikapata nafuu kidogo tu. Wiki iliyofuata nikaipeleka kwa fundi mmoja Makumbusho, akaifungua mbele yangu. Kwenye mapezi ya kupozea vumbi lilikuwa limeshikana kama pamba ya mto, unalivuta kwa kibano linatoka kipande kizima. Ile pesti inayokaa kati ya prosesa na chuma cha kupozea ilikuwa imekauka, ukiigusa inamomonyoka kama chaki. Alisafisha kwa spiriti, akapaka mpya, akapuliza vumbi, shilingi 25,000. Kuanzia hapo feni haisikiki TV ikiwa na sauti. Kama unanunua ya mtumba, ihesabu elfu ishirini na tano hiyo kuwa sehemu ya bei, usisubiri ujumbe.

Mke wangu naye aliifunika kwa kitambaa cha kufuma, kama tunavyofunika redio. Kinapendeza kweli. Tulikubaliana kinawekwa ikiwa imezimwa tu.

Kuhusu umeme, watu wanaogopa bili kuliko inavyostahili. Kwenye LUKU yetu elfu kumi inatoa yuniti 28 hivi. Slim ikiwa kwenye mechi pamoja na TV yetu ya inchi 32 vinakula kama wati 130 kwa pamoja, kwa hiyo yuniti moja inawatosha madogo kwa zaidi ya saa saba. Yuniti moja kwetu ni kama shilingi 360. Saa saba nyumbani kwa bei ya mechi moja na kidogo ya bandani.

Kinachoumiza ni kukatika. Kila umeme ukikatika ghafla, ukiwasha unakuta onyo kwamba haikuzimwa vizuri, halafu inaanza kukagua diski. Mara nyingi inapona yenyewe. Usiku mmoja ulikatika katikati ya apdeti, na uliporudi mashine ikawa inawaka taa haifiki popote. Nilishika kitufe cha kuwashia mpaka ukasikika mlio wa pili, kama sekunde saba, nikaunganisha padi kwa waya, nikachagua ijenge upya orodha ya vilivyomo. Ilichukua robo saa, gemu zote zikarudi na ligi ya dogo ikawa salama. Kesho yake nikanunua UPS ndogo, kile kifaa cha betri kinachoshikilia umeme ukikatika, 120,000. Inatoa dakika chache tu, lakini dakika chache ndizo unazohitaji ili kuzima kwa utaratibu.

Padi iliyokuja na mashine ilikuwa imechoka. Ukiiacha bila kuigusa, mchezaji wako anatembea mwenyewe kuelekea kushoto, taratibu, hadi anatoka nje ya uwanja. Ndani ya kile kijiti cha analogi kuna utepe mdogo wa kaboni unaosuguliwa kila unapokisukuma. Ukilika, mashine inadhani bado unasukuma. Kosa langu lilikuwa kukimbilia padi ya kopi ya elfu thelathini na tano. Ukiishika unajua: nyepesi, vitufe vigumu, na unapiga pasi halafu pasi inatoka baadaye. Mdogo wangu wa mwisho alifungwa mabao matano akalia kabisa, na alikuwa na haki. Ile padi ya zamani niliipeleka kwa fundi, akabadilisha analogi kwa elfu kumi, na inafanya kazi mpaka leo. Ya pili nilitafuta orijino iliyotumika, elfu sabini. Zinachajiwa kwa waya wa micro-USB, ule wa simu zetu za zamani, kwa hiyo waya haujatugharimu. Punguza mwanga wa ile taa ya mbele ya padi kwenye mipangilio, chaji inakaa zaidi.

Sasa niseme jambo ninalolishikilia kuliko yote: nunua CD. Gemu ya mpira ya siku hizi inazidi GB 40. Mtaani kwetu intaneti ya waya haijafika, na kupakua GB 40 kwa bando la simu ni kuchoma hela. CD nayo inajinakili kwenye diski, kwa hiyo nafasi inaisha vile vile (GB 500 ukiiwasha unakuta 400 na kidogo), lakini hainakili kutoka kwenye bando lako. Nafasi ikiisha unachomeka diski ya nje ya USB 3.0 kuanzia GB 250. PS4 inaipokea tangu apdeti ya 2017. Kisha CD ina thamani. FC 25 niliinunua 65,000, tulipoichoka nikairudisha nikaongeza 15,000, nikaondoka na nyingine. Gemu ya kupakua nitambadilishia nani?

Kuna mtego hapa. Tanzania haimo kwenye orodha ya nchi za duka la PlayStation, kwa hiyo akaunti lazima uifungue kwa nchi nyingine. Wengi huchagua Afrika Kusini, Uingereza au Marekani. CD yenyewe inacheza popote, lakini nyongeza za kununua mtandaoni zinataka akaunti ya eneo lile lile ilikotoka CD. Angalia kwanza CD zinazozunguka mtaani kwako ni za wapi, kisha ndipo ufungue akaunti. Mimi nilianza na ya Marekani wakati CD zangu zote ni za Ulaya, ikabidi nianze upya. Na CD zako za PS2 na PS3 zigawe, hii haizisomi.

Mwezi wa sita baba alikuja kukaa nasi wiki tatu. Alikuja na CD zake nane za muziki wa dansi, zile za enzi za Msondo na Sikinde wakipimana ubavu, maana redio yake ya CD kule Morogoro imekufa. Aliona madogo wanaingiza CD kwenye mashine, akanipa ya kwake. Nikaiweka. Ikanyonywa ndani, ikazunguka, na skrini ikasema haiitambui. PS4 haichezi CD za muziki. DVD inacheza, ukiiunganisha na intaneti mara moja tu kwa ruhusa, na mke wangu anaangalia filamu zake za Bongo humo. Lakini CD ya muziki, hapana. Niliona uso wa mzee. Akaichukua, akaifuta kwa shati lake pande zote mbili, akairudisha kwenye kasha bila kusema kitu.

Nilizipeleka zote kwenye steshenari jirani, kijana akazigeuza kuwa MP3, elfu moja kila moja, akaniwekea kwenye flashi. Nikaichomeka, PS4 haikuona wimbo hata mmoja. Ilinichukua jioni nzima kujua sababu. Kwanza, flashi iwe kwenye mfumo wa exFAT au FAT32, NTFS haisomi. Pili, nyimbo zote ziwe ndani ya folda iitwayo Music, kwa jina hilo hilo. Zikiwa nje ya hiyo folda, kichezea muziki hakizioni. Nikarekebisha, nikashika kitufe cha katikati cha padi, nikafungua muziki, gitaa likaingia.

Na hapo ndipo niligundua kitu ambacho sikukiona kwenye tangazo lolote: muziki wa kwenye flashi unaendelea hata gemu ikiwa inachezwa. Wiki mbili zilizobaki madogo walicheza ligi yao huku trumpeti za dansi zinalia, sauti ya mtangazaji wameizima, mzee ameketi nyuma yao na chai. Mpira haumsisimui, ila alijua kila wimbo unaofuata, na mdogo wangu wa mwisho siku hizi anaimba viitikio vya bendi zilizoundwa miaka mingi kabla hajazaliwa.

Flashi bado iko kwenye tundu la USB la pili, pale mbele. Jumapili baba akipiga simu, baada ya salamu, huuliza kama ipo.