Rivolva ya magnamu ya mjini na shamba: uzoefu wangu, na duka lililonidharau

Naandika nikiwa na hasira, na sitaki zipoe kwanza. Rivolva ya risasi za .357 Magnum niliyoinunua kwa fedha ya minazi yangu ilijifunga na risasi zikiwa ndani, na walioniuzia wakaniambia kosa ni mkono wa kike.

Nina shamba upande wa Pangani, njia ya kuelekea Mkwaja, ambako ukisogea kidogo unagusa hifadhi ya Saadani. Nguruwe pori wapo, chui anapita, mamba hawajahama mtoni. Nyumbani ni Raskazoni, Tanga mjini, na siku za kulipa vibarua nasafiri na fedha taslimu. Nilitaka silaha moja ya kutembea nayo sehemu zote mbili. Kibali nilikifuata kama inavyotaka Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, ofisi moja hadi nyingine, na sikumpa mtu hata soda.

Nilichagua rivolva badala ya bastola ya magazini kwa sababu risasi ikigoma kulia, huna cha kuhangaika nacho: unavuta kifyatulio tena, silinda inakuletea nyingine. Na .357 nilishaifanyia uchunguzi. Smith & Wesson walipoitoa mwaka 1935, ganda lake lilikuwa la risasi ya zamani ya .38 Special lililorefushwa milimita tatu na kitu, makusudi lisiingie kwenye rivolva za zamani zisizohimili nguvu ile. Kwa hiyo ya .357 inakula na risasi za .38 pia. Unafanya mazoezi kwa zile laini, teke dogo, bei nafuu. Porini unatia zenye moto. Kwa mtu wa maisha yangu sioni mpango bora kuliko huo.

Sasa siku yenyewe. Tupo kwenye uwanja wa shabaha, nimepiga risasi kadhaa, naona silinda inaanza kuwa nzito. Nabonyeza kitufe cha kufungulia, haifunguki. Nyundo nayo haiendi mbele wala nyuma. Ndani kuna maganda matupu na risasi nzima zimechanganyika, nami nimeshika chuma ambacho hakilii na hakifunguki. Nikaelekeza mtutu kwenye tuta la mchanga, nikamwita mwalimu. Mwalimu ana mikono ya kubebea magunia, na yeye pia ilimshinda kwa nguvu. Akainama, akaangalia chini ya mtutu, akaona kile kijiti cha kusukumia maganda kimejifungua hesi kikatokeza mbele. Kikitokeza hivyo kinakwama kwenye kifungio chake cha mbele, silinda inakuwa mfungwa. Akakizungusha taratibu kwa ncha za vidole mpaka kikarudi, ikafunguka.

Nifikirie hilo linitokee kule njia ya Mkwaja, jioni, peke yangu.

Ugonjwa huu si mgeni duniani. Kwenye rivolva ambazo kijiti kinazunguka pamoja na silinda, hesi ikielekea upande mbaya basi kila mzunguko unailegeza. Smith & Wesson wenyewe waligeuza hesi hiyo ikawa ya mkono wa kushoto takriban mwaka 1960, ili mzunguko ukaze badala ya kufungua. Ruger, watengenezaji wengine, kwenye rivolva yao ya GP100 walipita njia nyingine: kijiti hakizunguki, na silinda inafungwa mbele kwenye mkono wa chuma unaoibeba. Muuzaji wa silaha anatakiwa kuyajua haya kabla hajafungua kinywa.

Nikarudi dukani Dar. Siku ya kwanza tu nilipaswa kusoma dalili, maana kila nililouliza, kijana wa kaunta alimjibu mpwa wangu aliyenisindikiza. Mimi nauliza, anajibiwa mtoto wa dada yangu! Safari hii nilikwenda peke yangu, rivolva tupu, karatasi zote mkononi. Nikamweleza. Akacheka. "Mama, hii silaha ya kiume. Ungechukua kitu kidogo cha kukaa kwenye pochi." Nikamwambia, mwanangu, sikuja kuuliza saizi ya pochi, nimekuja na silaha iliyojifunga ikiwa na risasi. Akaita ndani kwa bosi wake. Bosi hakutoka hata kichwa, akapaza sauti: "Mwambie dhamana haihusu uzembe."

Uzembe! Mimi niliyeambiwa na hao hao kwamba chuma kile hakishiki kutu. Anayeishi Raskazoni anajua upepo wa chumvi unavyofanya mabati na feni. Fundi mwenye leseni alipokuja kuifungua, alikuta kutu ndani ya hesi, kutu kavu ya siku nyingi, kutu ambayo haikuzaliwa kwangu. Imekaa kabatini kwao hadi ikazeeka, nikauziwa mbuzi kwenye gunia. Na hata ile ya chuma cha pua, ambayo ingekuwa chaguo langu kama wangekuwa nayo, pwani inahitaji kufutwa kwa mafuta, na usiilaze ndani ya mfuko wa ngozi usiku kucha, maana ngozi inakaa na unyevu.

Fundi alisafisha hesi, akatia gundi ya kuzuia isilegee, akakaza. Tangu hapo nimeipiga mara nyingi na haijanisumbua. Nilikuwa nimeamua kuandika "msinunue", na nusu ya maneno hayo bado yapo kooni. Lakini nikiwa mkweli, rivolva yenyewe ni nzuri. Inalenga pale ninapotaka, uzito wake unameza teke, na kifyatulio ni laini kuliko cha yoyote niliyowahi kujaribu. Kilichooza ni duka.

Au niseme hivi: ningekuwa na hiari leo, ningesubiri GP100 hata miezi, ile ya chuma cha pua, mtutu wa inchi nne. Ya .44, yenye risasi nene zaidi, sitaki kuisikia. Mtu asije akakuambia ndiyo ya porini kwa hiyo inafaa tembo. Tembo hafukuzwi kwa bastola ya aina yoyote, unamwachia njia na unawaita askari wa wanyamapori.

Ukienda kununua, kabla hujatoa fedha, ifungue silinda iwe tupu, shika kijiti kwa vidole ukijaribu kukizungusha. Kikilegea, irudishe. Tazama na tochi kati ya silinda na mtutu, na chini ya ile nyota inayosukuma maganda, ndiko kutu na masizi ya baruti yanakojificha. Kijana wa kaunta akikunja uso, mwache akunje.

Mimi siiuzi. Ila dukani kwao sirudi hata kwa risasi moja, na malalamiko yangu kwa maandishi nimeshayapeleka polisi wanaosimamia leseni yao.