Soksi za Bertlmann: mapitio ya mkusanyiko wa makala za John Bell

Toleo la pili la Speakable and Unspeakable in Quantum Mechanics, lililochapishwa na Cambridge University Press mwaka 2004 likiwa na utangulizi wa mwanafizikia Alain Aspect, linakusanya makala kuhusu fizikia ya kwanta, yaani fizikia ya chembe ndogo sana, za John Bell, mwanafizikia mzaliwa wa Belfast aliyefanya kazi CERN, maabara ya fizikia ya chembe iliyo karibu na Geneva. Msomaji mgeni asianze na sura ya kwanza, iliyojaa hesabu. Aanze na makala ya soksi za Bertlmann, mwenzake Bell aliyependa kuvaa soksi za rangi mbili tofauti. Ukiona soksi moja ni ya waridi, umeshajua kuwa ya pili si ya waridi, na hapo hakuna ajabu. Lakini Bell anaonyesha kwa subira kwamba chembe zilizofungamana, yaani zenye hali moja ya pamoja hata zikitenganishwa, hupatana zinapopimwa kwa kiwango kisichoweza kuelezwa na sifa zilizopangwa tangu mwanzo, ikiwa chembe haziathiriani zikiwa mbali. Ucheshi wake ni mkavu, nami niliufurahia. Kasoro ni marudio, kwa kuwa hoja hiyo, aliyoitoa kwanza mwaka 1964, inajitokeza tena na tena. Makala inayolipinga neno “kipimo”, iliyoongezwa katika toleo hili, ndiyo kali kuliko zote, na hiyo peke yake ilinifanya nisijutie bei.