Mark X jeusi, vumbi la Kigoma na mashine ya polishi: uzoefu wangu baada ya miezi minane

Gari langu ni Toyota Mark X jeusi. Ukiliona limepita barabara ya Lumumba utasema lina rangi nzuri. Lisogelee saa kumi jioni, jua likiwa limeanguka upande wa ziwa, uangalie boneti: pale mwanga unapopiga pamezungukwa na mikwaruzo myembamba kama utando wa buibui, na ukisogea hatua mbili utando nao unakufuata. Niliishi na utando huo miaka mitatu. Ulikuwa unaniuma, kwa sababu gari hili nimelihangaikia.

Mikwaruzo yenyewe si ya mviringo. Imelala kila upande, juu ya klia, ile rangi ya mwisho isiyo na rangi inayolinda nyeusi iliyo chini. Jicho linaona ile tu iliyokingama na mwanga, ndiyo maana inaonekana kama duara. Chanzo chake hapa kwetu hakihitaji mtaalamu. Kuanzia Mei hadi Septemba vumbi jekundu linatua juu ya kila kitu, na sisi asubuhi tunachukua tambara kavu tunafuta gari kabla ya kwenda kazini. Vumbi lile lina chembe za mchanga, na ukilifuta kavu ni sawa na kupitisha msasa mwepesi. Nilifanya hivyo kila siku nikidhani nalitunza.

Kabla ya kununua mashine nililipeleka gereji moja, sitaji jina. Fundi alitumia ile mashine inayozunguka moja kwa moja kama grainda, akafunga sponji la manyoya, akakandamiza. Siku ile liling'aa kweli. Nilipoliosha mara ya tatu, mafuta ya polishi yaliyokuwa yameficha mikwaruzo yakatoka, utando ukarudi, na juu yake ikaongezeka mistari ya upinde inayochezacheza ukipita na taa usiku. Mbaya zaidi, ukingo wa mlango wa nyuma wa kushoto uliungua hadi praima, ile rangi ya msingi ya chini kabisa. Pale kwenye kona klia huwa nyembamba, na mashine ya aina ile ikitulia sekunde chache mahali pamoja inachemsha. Fundi aliniambia, "Hiyo ilikuwepo, bosi." Haikuwepo.

Ndipo nikaagiza ya kwangu kutoka Kariakoo. Mashine ilinigharimu Sh 320,000, mzigo ukaja kwa basi. Ni ya mizunguko miwili: sahani inazunguka, na wakati huohuo inayumba kutoka katikati, yangu milimita 15. Kuyumba huko ndiko kunakoiokoa rangi, kwa sababu sponji halisagi mstari uleule, na ukiikandamiza kupita kiasi inaacha kuzunguka inabaki kutetema tu. Kwa mtu ambaye hii si kazi yake ya kila siku, nasema nunua ya aina hii au usinunue kabisa. Nilichora mstari kwa kalamu ya maki kwenye ukingo wa sahani. Mstari ukionekana unapita, kazi inakwenda. Ukisimama, nalegeza mkono.

Sasa, kazi kubwa si mashine. Siku nzima ya Jumamosi sikuiwasha. Nililimwagia gari maji mengi kwanza, nikaliosha kwa ndoo mbili, moja ya sabuni na moja ya kusuuzia kitambaa, kisha nikaingiza vidole kwenye mfuko mwepesi wa mkate nikapapasa boneti. Jaribu hilo, utashangaa. Rangi uliyodhani ni safi unaisikia kama umepapasa chumvi iliyomwagika mezani. Ni uchafu ulioshika: utomvu wa mwembe, vumbi la chuma la breki, matone ya lami. Sabuni haiutoi. Nilitumia udongo maalumu wa kusafishia rangi, unaukanda kama unga wa chapati, unalowesha panel, yaani kipande kimoja cha bodi kama mlango au boneti, kwa maji ya sabuni, unausugua taratibu bila kukandamiza. Kila baada ya muda unaukunja kutoa upande safi. Wangu ulitoka na rangi ya ugoro. Ukiuangusha chini, tupa, usiuokote, maana ukirudi na mchanga umeharibu ulichokuja kutengeneza. Baada ya hapo nikaziba mipira ya milango na plastiki kwa gundi ya karatasi, ule utepe wa kubandika wa mafundi rangi, kwa sababu polishi ikikauka kwenye plastiki nyeusi inaacha weupe usiotoka kirahisi.

Jumapili nikajaribu eneo dogo, nusu mita kwa nusu mita, katikati ya boneti. Hapa nilikosea. Nilianza na sponji la mikrofaiba na kompaundi kali, yaani dawa ya kusaga rangi, nikifikiri mikwaruzo ya miaka mitatu inataka nguvu. Mikwaruzo ilitoka mara moja, lakini nyeusi ikawa na ukungu wa kijivu, kama kioo kilichopuliziwa pumzi. Nikasimamisha kazi, nikaangalia kile kibati cha Toyota chenye namba ya gari. Kwenye mstari wa C/TR, namba ya kwanza ndiyo ya rangi, na yangu ni 202. Nyeusi hii inajulikana na wapiga polishi wengi duniani kwa ulaini wake. Inakwaruzika haraka, na dawa kali inaiachia mikwaruzo midogo mipya, ndiyo ule ukungu. Nikabadilisha: sponji laini la kumalizia, polishi nyepesi. Ukungu ukaondoka na mikwaruzo karibu yote ikaondoka nao. Kumbe ningeanza na nyepesi nisingehitaji kali popote. Anza na laini kabisa, ongeza ukali pale tu inaposhindikana. Klia ya kiwandani kwa kawaida ni kama mikroni 40 hadi 50 (mikroni elfu moja ni milimita moja), nyembamba kuliko unywele, na kila unachosaga hakirudi.

Namna nilivyofanya gari zima ni hivi. Matone manne ya polishi kwenye sponji, kila moja kama punje ya mbaazi. Spidi 1 kusambaza ili isiruke, halafu 4. Mashine inakwenda polepole kuliko unavyotamani, sentimita tatu hivi kwa sekunde, kila mstari ukifunika nusu ya uliopita. Mara mbili kwenda na kurudi, mara mbili juu na chini, uzito wa mashine wenyewe unatosha. Unafuta, unaangalia kwa taa, unasafisha sponji kwa brashi, unahamia pengine. Boneti peke yake ilinichukua saa tatu.

Kila panel nikaifuta tena kwa spiriti iliyochanganywa na maji, nikitumia kitambaa laini kabisa, ili kutoa mafuta ya polishi. Hatua hii ndiyo inayotofautisha mkwaruzo ulioondolewa na mkwaruzo uliofichwa, na ndiyo ambayo gereji ile haikuifanya. Halafu nikalisukuma gari juani nikaangalia.

Mazingira yetu yana shida zake. Juani polishi inakauka kabla hujamaliza mstari, kwa hiyo nilifanya barazani, asubuhi na jioni tu. Ua wangu hauna sakafu, ikabidi nimwagie ardhi maji kila baada ya muda ili vumbi lisinyanyuke. Umeme nao ulikatika saa saba mchana nikiwa nusu ya mlango. Futa haraka polishi iliyobaki, usiiache igande ukisubiri.

Mashine ina kasoro. Waya ni mfupi, bila ekstensheni huzungukii gari, na ukiwa juu ya paa unatakiwa kuutupa begani usiburute kwenye rangi. Baada ya saa mbili viganja vinakufa ganzi. Joto lililegeza ile sahani inayonasa sponji, siku ya pili sponji likachomoka likaruka hadi kwenye migomba, nimeshabadilisha sahani. Ilikuja na masponji mawili, ambayo hayatoshi gari. Nunua sita, maana sponji lililojaa polishi na rangi iliyosagwa halikati tena, linachemsha tu.

Matokeo? Jioni ile niliwasha taa ya simu juu ya boneti nikaona taa, basi. Nukta moja nyeupe ndani ya weusi, haina utando. Mzee wangu jirani alipita akauliza, "Mwanangu, umepiga rangi?" Nikamshikisha. Mikwaruzo mikubwa, ile inayonasa ukucha, ipo na nitaiacha. Nilipaka nta, na kila baada ya miezi miwili au mitatu naipaka tena.

Miezi minane baadaye bado ni safi kwa sehemu kubwa, ila kwenye buti naona vistari vichache vimeanza. Ni vya wiki niliyosafiri kwenda Kasulu nikaliacha gari nyumbani. Mpwa wangu alilifuta kavu kila asubuhi kwa upendo wake, na simlaumu, hakuna aliyekuwa amemwambia. Sasa anauliza kabla ya kugusa.

"Mjomba, leo nilifute?"

"Limwagie maji kwanza."

Kama una gari jeupe au la fedha, utando haukusumbui sana macho, na kwa hela hiyo ningekushauri ununue ndoo mbili na vitambaa vizuri. Kwa jeusi, bluu nzito au jekundu, mashine hii imenilipa na nitaendelea kuitumia, kwa polishi nyepesi, na si kila mwaka.

Ukingo ule wa mlango wa nyuma bado uko vilevile, kijivu, urefu wa kidole. Sikuusogelea na mashine, nilipita na gundi ya karatasi juu yake. Hapo klia imekwisha, panataka bunduki ya rangi na fundi rangi anayejua kuchanganya 202. Nitampa kazi yule atakayenionyesha kwanza gari alilolimaliza mwezi uliopita, limeshaoshwa, limesimama juani.