Nyumba ya mbao milimani Gatlinburg: pazuri ila komeo la boksi la taka lirekebishwe jamani

Tumekaa siku 4 mwezi wa 10, mimi na mume wangu na watoto 3 na mama mkwe aliyekuja kututembelea kutoka Moshi. Nyumba ipo mlimani nje kidogo ya Gatlinburg, Tennessee, Marekani, jirani kabisa na hifadhi ya Great Smoky Mountains. Nyumba yenyewe sina neno, safi, maji ya moto muda wote, na asubuhi ukikaa barazani ukungu umelala bondeni mama akasema hapa ni Kibosho kasoro migomba.

Sasa kero. Hiyo milima dubu weusi wamejaa, ndani ya hifadhi peke yake wanakadiriwa kama 1,900, na miezi hiyo wanakula mfululizo wanenepe kabla ya baridi, harufu ya chakula ikitokea tu wanaifuata. Ndo maana huko mapipa ya taka yanakaa kwenye boksi la chuma lenye komeo. La kwetu komeo bovu! Nikamtumia mwenye nyumba meseji siku ileile tuliyofika, akajibu "funga na kamba tu". Kamba, kwa dubu 😂 Halafu barazani kaning'iniza chombo cha mbegu za ndege, na dubu mbegu zile anazifakamia kama sisi na karanga.

Usiku wa pili saa nane tukasikia kishindo nje, mama akajua wezi. Kuchungulia dirishani, dubu mama na watoto wake wawili, taka zimetapakaa, mifupa yote ya kuku wetu iko chini. Mama kashika mwiko anataka kutoka, ikabidi nimshike mkono, mama tafadhali ana watoto yule. Mume wangu akafungua dirisha la juu akagonga sufuria na kupiga kelele wee mpaka wakaondoka, tena taratibu kama watu wanatoka harusini. Asubuhi tunakuta alama za kucha kwenye mlango wa gari. Bahati tulikuwa tumeloki, maana dubu wa huko kitasa cha gari wanajua kukivuta.

Nimpe mwenye nyumba haki yake, kwenye friji alibandika karatasi ya maelekezo na ilitusaidia sana tulipoenda kutembea hifadhini: usimsogelee dubu, baki mbali angalau mita 46, ukikutana naye usikimbie wala usipande mti (yeye anapanda kukuzidi), ongea kwa sauti huku unarudi nyuma polepole. Akikuvamia kweli usijifanye umekufa, pigana naye kwa chochote ulichonacho. Mama kasomewa hiyo ya mwisho akaniangalia, "We mama Neema, si nilisema niende na mwiko?"

Taka tuliokota wenyewe na hela ya usafi alikata vilevile. Nyota 3. Mkitaka kupanga hapo ulizeni kwanza komeo limetengenezwa au bado kamba, na kile chombo cha mbegu mkishushe mkifika tu.