Me Shivajiraje Bhosale Boltoy: Uzoefu Wangu na Filamu ya Fahari ya Wamarathi

Filamu ya Kimarathi iitwayo Me Shivajiraje Bhosale Boltoy, yaani "Ni mimi Shivajiraje Bhosale ninayesema", ilitoka mwezi wa Aprili 2009 na ikajaza majumba ya sinema ya Mumbai, Pune na miji mingine ya jimbo la Maharashtra, magharibi mwa India, kwa kiasi ambacho filamu za lugha hiyo zilikuwa hazijakizoea. Mimi niliitazama Pune nilipokuwa masomoni, sebuleni kwa familia ya Kimarathi iliyonipangisha chumba, na hivi karibuni nimeitazama tena nikiwa peke yangu. Watazamaji wa kwetu tumelelewa na filamu za Kihindi, lakini ni nadra kuelezwa kwamba India ina sinema za lugha nyingi, na kwamba Dadasaheb Phalke, aliyetengeneza filamu ndefu ya kwanza ya nchi hiyo mwaka 1913, alikuwa Mmarathi kutoka upande wa Nashik.

Mhusika mkuu ni Dinkar Bhosale, mfanyakazi wa benki wa Mumbai, mtu wa makamo mwenye mke, binti anayetamani kuwa mwigizaji, mwana wa kiume, na nyumba ya zamani ambayo mjenzi mmoja tajiri anaimezea mate ili aibomoe na kusimamisha ghorofa. Kila anapokwenda Dinkar anadharauliwa, na kila anapodharauliwa ananyamaza. Siku moja uchungu unamzidi, anatamka kwamba anaona aibu kuzaliwa Mmarathi, na maneno hayo yanamfikia Shivaji mwenyewe, mfalme aliyefariki mwaka 1680. Mfalme anaamka na kumwita.

Ili kuelewa kwa nini tukio hilo liliwatikisa watu namna ile, ni lazima mtazamaji ajue mambo mawili ambayo filamu inadhani anayajua tayari. La kwanza ni Shivaji ni nani. Alizaliwa katika ngome ya Shivneri mwaka 1630, akajenga dola katika milima ya Sahyadri akipambana na Usultani wa Bijapur na Wamughal, yaani dola kubwa iliyotawala kaskazini mwa India, na akatawazwa katika ngome ya Raigad mwaka 1674. Picha yake utaikuta madukani, kwenye bajaji, ofisini na majumbani, na kituo kikuu cha treni cha Mumbai kina jina lake. Mtu wa Pune hamtaji bila kumpa cheo. La pili ni uchungu wa Mumbai. Jimbo la Maharashtra liliundwa tarehe 1 Mei 1960, baada ya vuguvugu ambalo zaidi ya watu 100 walipoteza maisha wakidai jiji hilo liwe la jimbo la wasemaji wa Kimarathi, na mnara wao umesimama Hutatma Chowk, uwanja wa katikati ya jiji, hadi leo. Jiji wakalipata. Hata hivyo viwanda vya nguo, vilivyowaajiri maelfu kwa maelfu ya Wamarathi waliotoka Konkan, yaani pwani ya jimbo hilo, na bara, vilidhoofika na vingi vikafungwa baada ya mgomo mkubwa ulioanza Januari 1982, na ardhi yake ikageuka kuwa maduka makubwa na majengo ya fahari ambayo watoto wa wafanyakazi wale hawawezi kupanga hata chumba kimoja. Nyumba ya Dinkar inayonyemelewa na mjenzi imebeba historia hiyo yote, na nilipoielewa historia hiyo ndipo filamu iliponishika.

Sachin Khedekar, anayemwigiza Dinkar, ndiye nguzo ya kazi hii. Sehemu ya kwanza anatembea mabega yakiwa yameinama, anaongea kama mtu anayeomba radhi kwa kuwapo kwake, na hata hasira yake inaishia mezani kwake mbele ya mkewe. Baada ya kukutana na mfalme sauti inabadilika kwanza, kisha mgongo, kisha macho, wala hahitaji nguo mpya wala muziki wa kishindo ili tujue kwamba huyu sasa ni mtu mwingine. Mahesh Manjrekar, ambaye ni mmoja wa watayarishaji na pia mwandishi, anamwigiza Shivaji kwa ukali wa baba aliyekasirika, huku Santosh Manjrekar akiwa mwongozaji.

Maneno ya mfalme ndiyo moyo wa filamu. Dinkar anatarajia kuhurumiwa, naye anakemewa. Anaelezwa kwamba waliokuja Mumbai kutoka majimbo mengine walikuja kufanya kazi, wakafungua maduka na hoteli, wakaamka alfajiri, wakati yeye na wenzake walikaa wakihesabu utukufu wa mababu na kulalamika. Hakuna mgeni aliyemnyang'anya heshima yake, aliiacha mwenyewe. Nimetazama filamu kadhaa za fahari ya kabila au taifa, na nyingi humpapasa mtazamaji wake mgongoni mwanzo hadi mwisho. Hii ilikuwa na ujasiri wa kuwasema wenyewe mbele ya wenyewe, na watu walilipa kiingilio ili wasemwe. Pale sebuleni, mzee mwenye nyumba alikuwa akitikisa kichwa kukubali kila sentensi.

Kuna pia powada, utenzi wa kishujaa wa Wamarathi unaoimbwa kwa ngoma ya mkononi na kuitikiwa na wapambe. Ule ulioimbwa na Nandesh Umap unasimulia jinsi Shivaji alivyomuua Afzal Khan, jemadari wa Bijapur, chini ya ngome ya Pratapgad mwaka 1659. Msomaji aliyezoea masimulizi ya Fumo Liyongo atakaa sawa mara moja: mwimbaji anavuta pumzi, anakimbiza beti, anasita kabla ya hatari, halafu anaiachia. Tafsiri ya maandishi iliyo chini ya picha haifui dafu hapa, na nakushauri uache kuisoma kwa dakika hizo na usikilize tu. Natamani filamu ingegusa pia ngome ya kisiwa cha Janjira, iliyoshikiliwa na Masidi, watu wenye asili ya Afrika, ambayo Shivaji aliishambulia tena na tena bila kuiteka. Historia ya pwani ile ina watu wetu ndani yake, na ingependeza waonekane.

Ninalolilaumu ni namna wasio Wamarathi walivyochorwa. Mjenzi Gosalia, mwenye jina la Kigujarati, ana tamaa na hana kingine. Haonyeshwi hata mara moja kama mtu mwenye hofu au mapenzi. Filamu iliingia sinema miezi michache baada ya Oktoba 2008, wakati vijana wa kaskazini mwa India waliokuja kufanya mitihani ya ajira ya reli walipopigwa mitaani Mumbai na wafuasi wa chama kimoja cha siasa. Katika hali kama ile, kumwonyesha tajiri mgeni kuwa mwovu mtupu ni jambo zito. Sisi wa Afrika Mashariki tunaujua mfano wa karibu: mwaka 1972 Idi Amin aliwatangazia Waasia wa Uganda siku 90 za kuondoka, wengi wao wakiwa Wagujarati, kwa hoja ileile kwamba wageni wameshika biashara. Maduka yaligawiwa na uchumi ukaporomoka. Ndiyo maana kemeo la mfalme nalithamini kuliko matukio yote ya kupambana na mjenzi, kwa kuwa hoja yake inamrudisha mlalamikaji kwenye mikono yake mwenyewe.

Yupo hata hivyo mhusika anayeipa filamu upana inaouhitaji, naye ni Usman Parkar, Mwislamu wa Kimarathi anayeigizwa na Siddharth Jadhav. Anaongea Kimarathi kama mwenyeji, anamtetea Dinkar, na anachekesha bila kudhalilishwa. Kuwepo kwake kunaeleza kwamba Umarathi ni lugha na ardhi kabla ya kuwa dini. Mke wa Dinkar, kwa upande mwingine, amepewa nafasi finyu. Suchitra Bandekar ana uwezo wa kubeba zaidi ya kusubiri mlangoni na kushangaa mabadiliko ya mumewe.

Anayetaka kuitazama atafute nakala halali yenye tafsiri kamili ya Kiingereza, kwa sababu mazungumzo ni ya kasi na utani mwingi umejificha katika lafudhi. Asome kwanza kurasa chache kuhusu Shivaji na kuhusu mwaka 1960. Nusu ya pili inarefuka, hasa katika mapambano na maafisa wanaodai rushwa, na hotuba mbili tatu zingepunguzwa bila hasara. Kama yupo jirani au mwanafunzi mwenzako anayetoka Maharashtra, mwalike mtazame pamoja, kisha muulize kuhusu wazee wake waliofanya kazi viwandani.